UNUNUZI WA HOFU NA UJIRANI MWEMA: FUNZO KUTOKA KARIAKOO

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa Tanzania, Ummy Mwalimu, aliutangazia umma kwamba mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 amegunduliwa nchini. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko ya watu wengi. Masoko yaliachwa wazi. Hata hivyo, jijini Dar es Salaam barakoa na vitakasa mikono vilianza kuadimika, na bei zake zikapanda, kabla wakazi wengi hawajamwona hata mgonjwa mmoja. Baadaye ikaja zamu ya malimao na tangawizi, na mwezi Aprili ikaja zamu ya sukari.

Katika siku hizo hizo lilionekana jambo la pili, lililo kinyume cha lile la kwanza. Mbele ya maduka, kwenye milango ya nyumba za ibada na katika vituo vya mabasi ziliwekwa ndoo za maji tiririka zenye koki, na kando yake vipande vya sabuni. Maji hayo hayakuuzwa. Mwenye duka aliyenunua ndoo, akaijaza maji na kuiweka njiani kwa ajili ya wapita njia, alitumia fedha yake kuwakinga watu asiowajua.

Makala haya yanachunguza mambo hayo mawili kwa pamoja. Kwa kawaida la kwanza huitwa uchoyo na la pili huitwa utu, kisha mazungumzo huishia hapo. Sayansi inaweza kuongeza neno moja. Yote mawili yana hesabu yake, na hesabu hiyo inaonyesha kwamba, wakati wa maradhi ya kuambukiza, kumwachia jirani fungu lake si hisani tu, bali ni sehemu ya kinga ya mtu mwenyewe.

Mji unaonunua kwa kipimo

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilichoitwa Carrier Corps, ambacho kilipiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo vilipokuwa vikimalizika, mwaka 1918, homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilienea pia Afrika Mashariki, ikifuata bandari, reli na njia za askari na wapagazi waliokuwa wakirejea makwao. Hivyo basi, mtaa huu ambao leo ni kitovu cha biashara ya jumla nchini ulipata jina lake katika zama za vita na maradhi. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mitaa inayolizunguka hulisha maduka ya rejareja ya jiji zima na ya mikoani.

Ili kuelewa athari ya ununuzi wa hofu katika mji wa namna hii, yafaa kwanza kuangalia namna watu wanavyonunua. Kaya nyingi za Dar es Salaam hupata kipato chao siku kwa siku: mchukuzi wa mizigo, mama lishe, fundi cherehani, mchuuzi wa samaki anayefika alfajiri kwenye mnada wa Feri, Magogoni. Anayepata fedha ya siku hununua chakula cha siku. Sukari hununuliwa robo kilo, mafuta ya kula hununuliwa kwa kipimo, mche wa sabuni hukatwa vipande, na unga hupimwa kwa kilo moja au nusu. Kwa kaya hizo duka la mtaani ndilo ghala, na gunia lililo nyuma ya kaunta ni akiba ya mtaa mzima iliyowekwa mahali pamoja.

Ieleweke pia kwamba si kila bidhaa hulimbikizwa. Katika soko la samaki la Feri hofu haiwezi kujaza stoo, kwa kuwa samaki asiye na barafu huoza kabla ya siku ya pili. Hofu hukimbilia vitu vikavu vinavyokaa: sukari, unga, mchele, sabuni, dawa. Navyo ndivyo hasa vinavyomtegemeza mnunuzi wa kipimo.

Hesabu ya gunia

Na ichukuliwe mfano wa duka moja linalohudumia kaya 200, kila kaya ikinunua robo kilo ya sukari kwa siku. Duka hilo huuza kilo 50 kwa siku, yaani mfuko mmoja. Mwenye duka huweka mifuko mitatu, ambayo ni akiba ya siku tatu, naye hupokea mfuko mmoja kila siku kutoka kwa muuzaji wa jumla. Kwa utaratibu huo hakuna anayekosa.

Siku moja inavuma habari kwamba sukari itakwisha. Kaya 30 tu, zile zenye fedha mkononi, zinaamka mapema na kila moja inanunua kilo 5. Jumla ni kilo 150. Mifuko yote mitatu imekwisha, na kaya 170 zinakuta duka tupu. Hapa kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, sukari haikupungua mtaani. Kilo 150 zilizokuwa dukani bado zimo mtaani, ila zimehama kutoka kaunta hadi uvunguni mwa vitanda. Pili, hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Kilo 5 si shehena ya mlanguzi, bali ni mfuko mmoja wa mkononi, na kila mnunuzi angeweza kuapa kwamba yeye hakulimbikiza. Tatu, habari ambayo asubuhi ilikuwa uvumi, mchana imekuwa kweli. Anayepita na kuona duka tupu ana haki ya kusema kwamba sukari haipo.

Mwanaelimu-jamii wa Marekani, Robert Merton, aliandika mwaka 1948 juu ya utabiri unaojitimiza wenyewe. Alitoa mfano wa benki iliyo nzima ambayo inaanguka kwa sababu tu wateja wamesadiki kwamba itaanguka, wakaenda wote kutoa fedha zao siku moja. Duka la mtaani ni benki ya namna hiyo. Mwaka 1973, wakati wa msukosuko wa bei ya mafuta duniani, wakazi wa viunga vya Osaka nchini Japani walijaa madukani kununua karatasi za chooni baada ya kuvuma kwamba karatasi zitaadimika. Viwanda havikuwa vimesimama. Watu ndio waliozimaliza.

Athari haiishii mtaani. Mwenye duka aliyeuza kilo 150 kwa siku moja huenda Kariakoo kuagiza mifuko sita badala ya mmoja. Wakifanya hivyo wenye maduka 40, muuzaji wa jumla aliyezoea kutoa mifuko 40 kwa siku anaombwa mifuko 240. Kwake yeye inaonekana kana kwamba jiji limeanza kula sukari mara sita zaidi, naye hupandisha bei au huzuia mzigo akingoja bei ipande. Baada ya hapo zile kaya 30 zenye kilo 5 hazinunui kwa siku 20, mauzo ya duka hushuka hadi kilo 42 na nusu kwa siku, na mzigo ulioagizwa kwa pupa hukaa. Wimbi dogo lililoanzia kwenye kaunta hukua kadiri linavyopanda kuelekea kiwandani.

Kizingiti cha hofu

Kwa nini basi watu wenye akili timamu huingia katika mkumbo huo? Mwaka 1978, mtaalamu mwingine wa Marekani, Mark Granovetter, alipendekeza njia nyepesi ya kulifikiria jambo hili. Kila mtu ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona wakitenda jambo kabla na yeye hajalitenda.

Wachukuliwe watu kumi mbele ya duka. Wa kwanza ana kizingiti cha 0, hivyo atanunua mfuko mzima hata kama hakuna mwingine aliyenunua. Wa pili ana kizingiti cha 1, wa tatu 2, na kuendelea hadi wa kumi mwenye 9. Wa kwanza akinunua, wa pili anafuata. Wa tatu akiwaona hao wawili, naye anafuata, na hatimaye wote kumi wamenunua. Sasa yule wa pili abadilike kidogo tu, kizingiti chake kiwe 2 badala ya 1. Wa kwanza atanunua, wa pili atatulia, na hakuna atakayefuata. Watu ni karibu wale wale, lakini katika hali moja duka limekwisha na katika nyingine limesalimika.

Mfano huu unafunza kwamba ukubwa wa mkumbo haupimi ukubwa wa uchoyo. Unafunza pia kwamba utulivu wa mtu mmoja, akiwa mahali panapofaa, unaweza kukata mnyororo mzima. Mwenye duka anayesema, "Leo kila mtu nusu kilo, na kesho duka litafunguliwa," anapandisha vizingiti vya wateja wake wote kwa sentensi moja.

Vizingiti hivyo hutokana pia na kumbukumbu. Wakazi wengi wa Dar es Salaam walioishi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawajasahau foleni za sukari, sabuni na unga, wala msako wa walanguzi na wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Aliyewahi kulala bila sabuni kizingiti chake ni cha chini, wala si haki kumlaumu. Aidha, hofu hukua pale habari zinapokosekana. Baada ya mwanzo wa Mei 2020, takwimu za taifa za ugonjwa hazikutolewa kwa utaratibu wa kawaida hadi katikati ya mwaka 2021. Katika pengo la namna hiyo kila mtu hukadiria hatari kwa kutazama mwenzake anafanya nini.

Sukari ya Aprili 2020 ni kielelezo cha jinsi sababu za kweli na hofu zinavyochanganyika. Kila mwaka, wakati wa masika, mashamba ya miwa hulowa, magari hukwama, na viwanda husimamisha uzalishaji ili vifanyiwe matengenezo. Nchi huishi kwa akiba na kwa sukari iliyoagizwa nje mpaka msimu mpya uanze katikati ya mwaka. Mwaka huo pengo la masika lilikutana na mambo mawili: misukosuko ya usafirishaji duniani na mwezi wa Ramadhani ulioanza mwishoni mwa Aprili, wakati matumizi ya sukari huongezeka kwa ajili ya uji na chai ya futari. Serikali ilitangaza bei elekezi kwa kila mkoa. Upungufu ulikuwapo, lakini upungufu na kulimbikiza hulishana: pengo dogo huzaa hofu, nayo hofu hulipanua pengo.

Sabuni si sukari

Hadi hapa imezungumziwa bidhaa ya kawaida. Anayelimbikiza sukari humdhulumu mwenzake, lakini yeye mwenyewe hunywa chai tamu. Bidhaa za kinga ziko katika kundi jingine.

Kirusi cha UVIKO-19 kimefunikwa kwa utando wa mafuta. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Mikono inaposuguliwa kwa sabuni na maji kwa muda wa sekunde 20, ncha zinazopenda mafuta hujipenyeza katika utando huo na kuuvunja, kisha maji huondoa mabaki. Kipande cha mche wa sabuni ya kufulia hufanya kazi hiyo sawasawa na sabuni ya bei kubwa. Kitakasa mikono kinafaa mahali pasipo na maji, ikiwa kina alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Hivyo waliokimbilia chupa za vitakasa kwa bei ya kuruka, hali wana maji na sabuni nyumbani, walinunua kitu ambacho hawakukihitaji sana. Ama malimao na tangawizi, ni viungo vizuri vya chakula, lakini haijathibitishwa kwamba huzuia kirusi hicho kuingia mwilini.

Sasa itazamwe nyumba ya Kiswahili, ya namna ambayo bado inapatikana Kariakoo, Ilala na Magomeni. Ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mwembamba, na nyuma kuna ua wenye bomba moja na choo kimoja. Mara nyingi kila chumba ni kaya. Ikiwa kila kaya ina watu wanne, watu 24 hushika koki ile ile na komeo lile lile la choo, na hupishana katika ukumbi ule ule kila siku.

Kaya moja ya nyumba hiyo ikiwa na miche 12 ya sabuni sandukuni na nyingine tano zikiwa hazina, wanaonawa ni watu wanne na wasionawa ni 20. Mche wa kwanza una faida kubwa kwa kaya hiyo, na wa pili una faida kidogo. Wa kumi na mbili hauna faida yoyote kwa majuma hayo, kwani mikono haiwezi kuwa safi zaidi ya usafi. Lakini mche huo wa kumi na mbili ukikatwa vipande na kuwekwa kandokando ya bomba la uani, unawanawisha watu 20 ambao mwenye sabuni hana budi kuishi nao. Makadirio ya awali ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba, pasipo kinga, mgonjwa mmoja aliweza kuambukiza wastani wa watu wawili hadi watatu. Hesabu hiyo haipunguzwi na sabuni iliyofungiwa. Hupunguzwa na idadi ya watu wanaonawa, wanaovaa barakoa na wanaopeana nafasi.

Hii ndiyo tofauti kubwa. Thamani ya sukari yako haitegemei sukari ya jirani. Thamani ya sabuni yako hutegemea sana sabuni ya jirani.

Wema kama ghala

Mtaani kuna njia za zamani za kugawana ambazo hazikuanzishwa kwa ajili ya ugonjwa wowote. Mwenye duka huandika deni katika daftari na kungoja mwisho wa juma. Wanawake hucheza upatu, kila mmoja akitoa kiasi kile kile na fungu zima kumwendea mmoja kwa zamu. Kuna vikundi vya kuzikana. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari huvuka kutoka chumba hadi chumba, na kwa desturi sahani hairudishwi tupu.

Kwa jicho la uchumi, njia hizi ni ghala lisilo na paa. Kaya maskini haiwezi kuweka akiba ya unga wa mwezi, lakini inaweza kuweka akiba ya wema: leo humpa jirani kikombe cha unga, na siku yake ikifika hupewa. Akiba hiyo haiozi wala hailiwi na panya, na inakua kwa kutumiwa. Aidha, hupandisha vizingiti vya hofu, kwa maana mtu anayejua kwamba akikosa ataazimwa hana sababu ya kukimbilia gunia. Wema na utulivu wa soko, kwa hiyo, ni vitu viwili vinavyotegemeana.

Mipaka ya wema

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba wema wa mtaa unatosha. Upatu na daftari la deni hufanya kazi vizuri pale msiba unapomwangukia mmoja huku wengine wakiwa wazima. Janga huwaangukia wote kwa pamoja. Tangu Machi hadi mwishoni mwa Juni 2020, shule zilipokuwa zimefungwa, waliouza vitafunio milangoni mwa shule na walimu wengi wa shule binafsi walikosa kipato wakati mmoja na wafanyakazi wa hoteli waliokosa wageni. Kaya nyingi za daftari moja zikishindwa kulipa kwa pamoja, mwenye duka naye hushindwa kumlipa muuzaji wa jumla, na ghala lile lisilo na paa hubaki tupu.

Hapo ndipo taasisi kubwa zaidi zinapohitajika. Nchini Uganda, ambako shughuli nyingi zilifungwa mwishoni mwa Machi 2020, serikali ilianza mwezi Aprili kugawa chakula kwa wahitaji wa Kampala na Wakiso, kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Tanzania ilifuata njia nyingine kwa kuacha masoko wazi, na hivyo mnunuzi wa kipimo aliendelea kupata pa kununulia, ingawa msongamano wa soko ulibaki kuwa hatari kwa afya yake. Kila njia ilikuwa na gharama zake. Kwa zote mbili somo ni moja: wema wa majirani huhitaji kuungwa mkono na njia za mizigo zilizo wazi, mizani ya haki na habari za kweli zinazotolewa kwa wakati.

Hitimisho

Maradhi mengine ya kuambukiza yatakuja, kwa kuwa ndiyo historia ya miji yote ya bandari. Yatakapofika, hatua za kwanza zinaweza kuchukuliwa bila kungoja mtaalamu. Mnunuzi mwenye uwezo anunue mahitaji ya juma moja, wala asinunue ya mwezi. Mwenye duka aweke kiwango cha kila mteja mapema, gunia likiwa bado limejaa, kwani kiwango kinachowekwa gunia likiwa tupu huongeza hofu. Viongozi wa mitaa waseme wazi ni bidhaa gani zipo, zipi zimepungua, na lini zitafika. Na katika kila ua wenye bomba moja, kipande cha kwanza cha sabuni kiwekwe bombani kabla ya kipande cha pili kuwekwa sandukuni.

Maswali ya kujadiliwa

1. Katika mfano wa duka la kaya 200, mwenye duka akiweka kiwango cha kilo moja kwa kila kaya, kaya zile 30 zitachukua kilo ngapi, na kaya nyingine 170 zitaachiwa kilo ngapi siku hiyo?
2. Taja bidhaa tatu ambazo thamani yake kwako hutegemea jirani yako kuwa nazo, na tatu ambazo haitegemei.
3. Ni nani katika mtaa wako ambaye utulivu wake unaweza kukata mkumbo wa ununuzi? Kwa nini yeye?
4. Daftari la deni la dukani linaweza kulindwa vipi wakati kipato cha mtaa mzima kimekatika?